Ujumbe wa Simu Katika Somo la Afya ya Mama Mjamzito: Uzoefu wa Mazoezi ya Kufundisha Mkoani Singida

Makala haya yamekusudiwa wakufunzi na walimu wanaosimamia wanachuo katika mazoezi ya kufundisha, hasa wale ambao wanachuo wao hutakiwa kusaidia visomo vya watu wazima jioni, baada ya saa za darasa. Tumeona mara nyingi kwamba mwanachuo akipewa mada ya afya ya uzazi hukimbilia simu yake ya mkononi, akachukua ujumbe ulioandikwa tayari, akausoma mbele ya akina mama, kisha akahesabu kwamba amefundisha. Kwa hakika hatumlaumu. Ujumbe huo umeandikwa kwa Kiswahili fasaha, ni mfupi, na umetoka kwa wataalamu. Hata hivyo, ujumbe uliosomwa haujawa somo, na tofauti kati ya hayo mawili yaweza kuwa tofauti kati ya mama kufikishwa kituo cha afya na mama kuachwa sakafuni. Tutaeleza jinsi tulivyolitambua jambo hilo, na namna tunavyowaandaa wanachuo wetu sasa.

Neno moja lililoharibu somo

Katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Ikungi tulikwenda kumkagua mwanachuo wetu wa mwaka wa pili. Alikuwa kijana mwenye bidii, na andalio lake la somo lilikuwa safi kuliko ya wenzake wengi. Akina mama walikuwa wamekaa kwenye madawati ya darasa la tatu, baadhi yao na watoto mgongoni, wengine wakitoka moja kwa moja kupepeta alizeti. Mada ilikuwa dalili za hatari wakati wa ujauzito. Baada ya salamu mwanachuo alitoa simu na kusoma: "Mama, kifafa cha mimba ni hatari. Ukiumwa kichwa sana, ukiona ukungu machoni au ukivimba uso na mikono, wahi zahanati." Akauliza kama wameelewa. Wakaitika kwa pamoja kwamba wameelewa. Akaandika ubaoni, akafuta, akaendelea na mada ya lishe.

Sisi tulikuwa tumekaa nyuma, karibu na mama mmoja wa makamo. Tuliona anamnong'oneza jirani yake kwa Kinyaturu, na wote wawili wakatikisa vichwa. Somo lilipokwisha tulimwendea, tukamwamkia, tukamwomba atueleze walichokuwa wakizungumza. Alisita kwanza, kisha akasema, "Mwalimu, huyu kijana wetu amesema vizuri. Lakini kifafa tunakijua. Mtu akianguka kifafa hashikwi. Povu lile likikugusa unakipata na wewe. Sasa huyo mama mjamzito atabebwa na nani?"

Msomaji atakubali kwamba swali hilo lilikuwa na uzito kuliko maswali yote yaliyokuwamo katika andalio la somo. Imani kwamba kifafa huambukizwa kwa mate au povu si ya kijiji kile peke yake. Daktari Louise Jilek-Aall, aliyeanzisha kliniki ya wagonjwa wa kifafa huko Mahenge karibu na mwaka 1960, alieleza jinsi wagonjwa walivyotengwa, wakala na kulala peke yao, kwa hofu hiyo hiyo. Basi mtaalamu wa afya anapoandika "kifafa cha mimba" anafikiria maradhi yanayotokana na kupanda kwa shinikizo la damu kwa mama mjamzito, maradhi yenye dawa, ambayo hayahusiani na kifafa cha kawaida isipokuwa kwa jinsi mwili unavyotetemeka. Mama anayesikia neno hilo anafikiria ugonjwa mwingine kabisa, na kanuni ya ugonjwa huo mwingine ni kukaa mbali. Kwa hiyo ujumbe uliotungwa ili kuokoa uhai waweza kumfanya jirani aondoe mkono wake kwa mgonjwa. Hakuna kosa la sarufi ndani yake, wala kosa la utabibu. Mwandishi hakuwapo darasani kusikia walivyouelewa.

Mwanachuo wetu naye hakuusikia, ingawa alikuwa mita tano tu kutoka kwa wanong'onao. Aliuliza "Mmeelewa?", swali ambalo kila mkufunzi amelikataza na ambalo kila mwalimu, tukiwamo sisi, hulirudia akichoka.

Tulikotoka: kikundi na redio

Wanachuo wa siku hizi hudhani kwamba kufundisha umma kwa chombo kinachosafirisha sauti au maandishi kumeanza na simu. Yafaa tuwakumbushe kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973, iliyoendeshwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Kwa majuma 12 watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi nchini kote. Mpango wenyewe haukuhusu uzazi. Ulihusu malaria, kichocho, minyoo, kuhara na kifua kikuu. Lakini utaratibu wake ndio unaotupasa kuuchunguza. Kikundi kilisikiliza kipindi cha redio, kiongozi aliyepewa mafunzo akasoma kitabu kwa sauti, wanakikundi wakajadiliana kama mambo yale yapo kijijini kwao, kisha wakakubaliana jambo la kutenda: kuchimba choo, kufyeka majani, kufukia madimbwi. Redio ilikuwa sehemu ya kwanza tu. Sehemu zilizofuata zilifanywa kwa vinywa na mikono ya watu wenyewe.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na mada yetu, na sehemu yake muhimu ilitokea kwa majirani zetu wa Dodoma. Mwezi Julai 1993 Radio Tanzania ilianza kutangaza mchezo wa "Twende na Wakati", uliofundisha uzazi wa mpango na kinga ya ukimwi kwa njia ya visa vya watu kama Mkwaju, dereva wa lori mwenye tamaa, na mkewe Tunu. Watafiti walitaka kujua kama mchezo huo unabadilisha mwenendo kweli, au watu wanabadilika kwa sababu nyingine. Kwa hiyo kutoka 1993 hadi 1995 kituo cha Dodoma hakikuutangaza, ili eneo lake lilinganishwe na maeneo mengine. Matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka zaidi mahali mchezo uliposikika. Na walipochunguza njia ya mabadiliko hayo, waliona kwamba wasikilizaji wengi hawakutoka redioni wakaenda moja kwa moja kliniki. Kwanza walizungumza: mke na mume, jirani na jirani. Mazungumzo yalikuwa daraja kati ya kusikia na kutenda.

Tunapowafundisha wanachuo habari hii huwa tunawauliza: je, simu ya mkononi inajenga daraja hilo au inalivunja? Redio ya kijiji husikika na wote waliomo chumbani. Ujumbe wa simu husomwa na mtu mmoja, kimya, na mara nyingi mtu huyo si mama mwenyewe, kwa kuwa simu ya nyumbani ni ya baba, naye yuko Manyoni au Itigi kwa shughuli zake.

Simu ilipopimwa

Haifai kuiponda simu bila kutaja mema yake. Mwezi Novemba 2012 Wizara ya Afya ilianzisha kampeni ya "Wazazi Nipendeni". Mtu aliyetuma neno MTOTO kwenda namba 15001 bila malipo alipokea ujumbe wa mara kwa mara unaolingana na umri wa mimba au wa mtoto mchanga. Mamia ya maelfu ya watu walijiandikisha. Jambo lililotufurahisha sisi walimu ni kwamba baba au msaidizi mwingine wa mama aliweza kujiandikisha pia, yaani waandaaji walitambua kwamba mimba ina wasikilizaji wengi.

Lakini utafiti unaotufundisha zaidi ulifanyika Unguja. Uliitwa "Wired Mothers", na matokeo yake yalianza kuchapishwa mwaka 2012. Wanawake wajawazito 2,550 katika vituo 24 vya afya walifuatiliwa. Katika nusu ya vituo hivyo akina mama walipata ujumbe wa simu pamoja na vocha ya kuwawezesha kumpigia mhudumu wa afya. Katika nusu nyingine walipata huduma ya kawaida. Kwenye vituo vya ujumbe na vocha, asilimia 60 ya akina mama walijifungua mikononi mwa mhudumu mwenye ujuzi. Kwenye vituo vingine asilimia 47. Hiyo ni tofauti kubwa, na yastahili sifa. Hata hivyo, takwimu zilipogawanywa ilionekana kwamba faida hiyo ilikuwa ya akina mama wa mjini. Kwa wale wa shamba haikuonekana.

Tumesoma na wanachuo sentensi hiyo ya mwisho mara kadhaa, kwa sababu walimu tunaowaandaa hawaendi mjini. Wanakwenda Mkalama, Iramba, na vijiji vya Ikungi na Manyoni ambako zahanati iko mwendo wa saa nyingi na mawasiliano hupatikana kwa kupanda kilima. Mambo mengi yaweza kueleza tofauti ya mji na shamba: umbali, nauli, umaskini, giza. Hatudai kwamba mwalimu anaweza kuyaondoa. Lakini ile vocha inatufikirisha. Mama alipewa njia ya kujibu. Aliweza kusema, "Sijaelewa," au, "Kwetu neno hili maana yake ni nyingine." Mama wa kijiji chetu hakuwa na njia hiyo, ingawa aliketi darasani mbele ya mwalimu mwenye masikio mawili.

Namna tunavyoandaa somo sasa

Baada ya mkasa wa Ikungi tulikaa na yule mwanachuo tukaandaa upya somo lile lile. Tangu hapo tumelifanya kuwa zoezi la kawaida chuoni kabla wanachuo hawajatawanyika vijijini. Hatuliiti mbinu mpya. Waliofundisha kisomo chenye manufaa miaka ya 1970 watalitambua.

Kwanza, ujumbe haupelekwi darasani kama maelezo. Hupelekwa kama kifungu cha ufahamu. Mwanachuo huusoma kwa sauti mara mbili, polepole, kisha huwaomba akina mama wausimulie kwa maneno yao wenyewe, na kwa lugha yao ya nyumbani wakitaka. Mwanachuo asiyejua Kinyaturu au Kinyiramba humwomba mama mmoja awe mkalimani wake. Hapo ndipo maneno yenye mitego hujitokeza. "Kifafa cha mimba" limekwisha kutajwa. "Damu kidogo" ni neno jingine: mtaalamu ana maana ya kutokwa damu kidogo, wala hata hiyo si jambo la kupuuza kwa mjamzito, msikilizaji mmoja alidhani linahusu upungufu wa damu mwilini. Hata "wahi" laweza kuleta utata. Kuna aliyelielewa kuwa ni kesho asubuhi na mapema, kwa kuwa mtu muungwana hasafiri usiku. Kwa mama aliyevimba uso na kuona ukungu machoni, kesho yaweza kuwa mbali mno.

Pili, swali "Mmeelewa?" limepigwa marufuku, na mahali pake tunaweka tukio. Kwa mfano: "Ni saa mbili usiku. Mke wa kaka yako ana mimba ya miezi minane. Amelalamika kichwa tangu asubuhi, sasa ameanguka na mwili unatetemeka. Kaka yako hayupo. Wewe unafanya nini kwanza?" Swali la namna hii haliitikiwi kwa pamoja. Kila mmoja hulazimika kusema afanyalo, na mwalimu husikia imani zilizojificha chini ya neno "ndiyo".

Tatu, na hapa twasisitiza, mwalimu si mkunga. Mwanachuo hutakiwa kumwona mhudumu wa zahanati kabla ya somo na kumwalika ikiwezekana. Tumewahi kuwakuta wanachuo wakijibu kwa ujasiri maswali ya dawa ambayo sisi wenyewe tusingethubutu kuyajibu. Mwalimu anayesema, "Hilo tutamwuliza muuguzi Jumatano," kisha Jumatano akamwuliza kweli, amefundisha jambo kubwa kuhusu namna ya kutafuta maarifa.

Kuhusu haya na staha, tuna maneno machache tu. Wanachuo wa kiume huogopa mada hii, na baadhi ya wakufunzi huwaruhusu waikwepe. Sisi hatukubaliani na hilo. Kijana anayesema "mama zangu" na "shikamoo" kwa dhati, anayetumia maneno ya heshima wanayotumia wakunga, na anayekubali kutoka nje kidogo wakati akina mama wanapotaka kuzungumza na muuguzi peke yao, hupokewa vizuri. Linaloudhi ni kejeli na haraka. Kwa wanafunzi wa shule ya msingi utaratibu ni mwingine na mada hufuata muhtasari. Tutaliandikia siku nyingine, pamoja na suala la wasichana waliorudi masomoni baada ya kujifungua tangu Serikali ilipofungua mlango huo mwezi Novemba 2021.

Akina mama watunga ujumbe

Hatua ya mwisho ya somo ndiyo tuliyoipenda kuliko zote, nayo ilizuka bila sisi kuipanga. Mwanachuo aliporudi katika darasa lake la jioni na kulifundisha upya, safari hii akiwa na muuguzi wa zahanati, akina mama walisikia kwa mara ya kwanza kwamba mtetemeko ule hutokana na presha ya mimba, kwamba hauambukizi, kwamba waweza kutokea hata baada ya mtoto kuzaliwa, na kwamba kituoni kuna sindano ya kuuzuia. Yule mama wa makamo akasema, "Basi andikeni hivyo kwenye simu." Mwanachuo akawajibu kwamba ujumbe mmoja wa simu hubeba alama 160 tu, herufi, nafasi na nukta zote zikihesabiwa, na akawaomba wautunge wao.

Kazi hiyo ilichukua jioni nzima. Rasimu ya kwanza ilitumia neno "degedege". Muuguzi alilikataa, kwa sababu hapa kwetu ni ugonjwa wa watoto, na wako wanaoamini kwamba mwenye degedege asipigwe sindano. Wakaweka "akitetemeka", wakapoteza herufi tatu. Mwanachuo alitaka kuondoa neno "Mshikeni" ili kupata nafasi, akidhani linajieleza. Akina mama walikataa kabisa. Kwao hilo ndilo lilikuwa neno kuu. Mwishowe ubao ulisomeka hivi: "Mjamzito akianguka akitetemeka ni presha ya mimba, si kifafa. Haiambukizi. Mshikeni, mlazeni ubavu wa kushoto, msimtie kitu mdomoni, mpelekeni kituoni haraka." Mwanachuo alihesabu kwa chaki: alama 158.

Mama mmoja kijana akauliza watampeleka kwa nini, wakati kijijini hakuna gari. Lilikuwa swali la haki. Muuguzi alieleza mpango wa m-mama, ambao mwaka 2022 Serikali ilitangaza kuueneza nchi nzima, na ambao mtu hupiga namba 115 bila malipo ili mjamzito au mzazi mwenye dharura atafutiwe usafiri, wa gari la wagonjwa au wa dereva wa kijamii anayelipwa kwa simu. Darasa likataka namba hiyo iingie. Zilibaki alama mbili tu, na namba yenyewe ina tarakimu tatu. Palizuka ubishi. Wengine walisema "mpelekeni kituoni haraka" liondoke, liwekwe "pigeni simu 115". Wengine wakauliza itakuwaje usiku ambapo mtandao haupatikani pasipo kupanda kilima. Mwanachuo, ambaye miezi miwili nyuma alikuwa akisoma na kufuta, alikaa kwenye dawati akawaacha wabishane, na sisi tuliokuwa nyuma tukampa alama nzuri kwa kukaa huko.

Waliamua ziwe jumbe mbili. Ule wa kwanza haukutumwa kwa simu ya mtu yeyote jioni ile, maana akina mama waliokuwa na simu mkononi walikuwa wachache. Mwanachuo aliuacha ubaoni. Asubuhi iliyofuata mwalimu wa darasa la sita aliwaita wanafunzi wake wakaunakili katika madaftari, na kazi waliyopewa ya nyumbani ilikuwa kuusoma kwa sauti jioni mbele ya kila mtu aliyepo, baba akiwemo, kisha kuleta shuleni swali moja walilouliza wazazi. Maswali yalikuja 31. Tisa kati yake muuguzi hakuwa ameyatazamia, na matano yalihusu povu.